Vakansi ya Baharini na Simu Nilizozikata

Tangu turudi Magarama, hapa Gitega, kila anayeniletea kitambaa ananiuliza swali lile lile: bahari ikoje? Wengine wanadai makombe ya baharini waliyoniagiza. Jirani yangu Mama Shabani aliomba nimletee maji ya bahari kwenye chupa ya Fanta, ya kukandia magoti yake, na mpaka leo ananiangalia kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa. Marafiki zangu, sikuleta makombe na sikuleta maji. Naandika haya mara moja, mpokezane msome, ili mtu asiniulize tena nikiwa na pini mdomoni.

Mnanijua. Mimi Zaina napima mara moja na kukata. Hamjawahi kuniona nikimwita mteja arudi nimpime upya, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimeota pembe. Nilidhani kila kitu duniani kinaeleweka mara ya kwanza kikisemwa, na kwamba anayeuliza mara mbili ni mjinga. Kumbukeni hilo mnaposoma.

Safari yenyewe tuliipanga miaka miwili. Watoto wangu wawili, Nasra wa miaka kumi na minne na Swedi wa miaka tisa, walikuwa wamebandika ramani ya Tanzania nyuma ya mlango wa jikoni, na Swedi aliichora bahari kwa kalamu ya buluu mpaka karatasi ikatoboka. Vakansi kubwa ya mwaka huu, likizo ndefu ya shule, ndiyo ilikuwa yetu: siku tatu Dar es Salaam, siku moja Bagamoyo, halafu Tanga wiki mbili nzima kwa dada yangu Amina. Baba yao asingekuja, kwa kuwa ana kazi ya kutengeneza madawati ya shule moja Mushasha, na kazi hiyo hufanyika wanafunzi wakiwa nyumbani tu. Wa nne katika safari alikuwa mama yangu.

Mama hakujali bahari. Alikuwa na lake moja. Amina ni mkubwa wangu, na tuliporudi kutoka ukimbizini Kasulu yeye hakurudi nasi, maana alikuwa ameolewa na Athumani, dereva wa malori mtu wa Tanga. Mama hakuwa amemtia machoni kwa miaka kumi na moja. Kwenye simu Amina alikuwa akilalamika miguu kuvimba na kichwa kuzunguka, kisha anacheka na kusema ni joto la Tanga. Mama alikuwa hacheki.

"Nyinyi muende muone maji yenu," alituambia siku tunafunga mizigo. "Mi nataka nimuone mtoto wangu. Bahari mutaniambia iko namna gani."

Gitega hadi Muyinga

Tuliahidiana na dereva saa moja asubuhi siku ya Jumapili. Alifika saa tano, akasema petroli hakuna, ila kuna mtu amemuahidi bidoni moja la mafuta. Tukakaa juu ya mizigo mbele ya nyumba, tumevaa nguo za safari, huku majirani wakipita na kutuuliza kama tumesharudi. Hilo lilichekesha mara ya kwanza tu.

Mzigo mkubwa kuliko yote ulikuwa mfuko wa maharagwe. Mama aliyalima mwenyewe kwenye kiwanja chetu cha Makebuko, akayaanika, akayachagua punje kwa punje, kwa sababu Amina aliwahi kusema maharagwe ya Tanga yanachelewa kuiva na hayana ladha. Nilimwambia mama kwamba mtu haendi vakansi ya baharini na kilo ishirini za maharagwe. Alinijibu kwamba yeye haendi vakansi.

Tuliondoka saa nane mchana. Baada ya kupita Karusi dereva alizima injini kila penye mteremko ili kuokoa mafuta, na gari likateremka kimya kimya huku Swedi akipiga makofi na mama akisoma Ayatul Kursi. Tulifika Muyinga alasiri imekwisha, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Muyinga, kwa Mjomba Kasimu

Mjomba Kasimu ni mdogo wake mama, fundi baiskeli karibu na soko. Tulipanga kulala kwake usiku mmoja tu, na kawaida yake ni kututania: angesema nimenenepa, angesema Nasra sasa ana mahari. Siku hiyo hakutania. Alimpokea mama kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe chenye mto, na mkewe alikuwa ameshachinja kuku. Mama alipewa firigisi. Nilifurahi, nikasema kumbe watu wakijua unakwenda ulaya yako wanakuheshimu.

Tulipomaliza kula Mjomba akaniita uani, nimshikie gurudumu analinyoosha. Nilishika. Alizungusha ile ringi muda mrefu, akikaza sipoku moja, akilegeza nyingine, bila kuniangalia.

"Shemeji yako amepiga simu leo saa sita," alisema. "Alikupigia we, hakukupata. Amina iko mgonjwa sana. Yuko hospitali."

"Sana namna gani, Mjomba?"

"Amesema tukuwe na subira. Amesema mama asiambiwe kwa simu." Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "We ni mtu mzima, Zaina."

Wasomaji wa kwetu hawahitaji maelezo, lakini najua karatasi hizi zitafika hata kwa wageni. Kwetu msiba hausemwi kwa simu, na hauambiwi mfiwa moja kwa moja. Hutafutwa mwanaume mtu mzima wa ukoo, anaambiwa fulani anaumwa sana, muwe na subira, msimwambie mama. Yeye anaelewa, anapanga nani ajue, wapi, na baada ya kula nini. Baba yangu alipofariki mimi niliambiwa anaumwa, nikarudi mbio na mtindi wa mgonjwa mkononi, nikakuta viti vya kukodi uani. Kwa hiyo nilipomsikia Mjomba, sikusikia kwamba dada yangu yuko hospitali. Nilisikia kwamba dada yangu amekwisha.

"Donc... kwa hiyo..." nilisema.

"Ego," alisema Mjomba, yaani ndiyo. "Ihangane, mwana wanje. Jikaze, mwanangu. Sisi Waislamu hatuchelewi, kesho watakuwa wamemzika. Sasa hakuna cha kukimbilia. Mama yako presha yake iko juu. Usimwambie njiani, atakufia kwenye basi. Afike salama, apumzike, akule, wanawake wa kule watamuambia vizuri."

Nilimuuliza kama turudi Gitega. Akasema hapana, mama akageuzwa njiani ataelewa mara moja. Twende tu. Niliosha uso kwa maji ya ndoo ile anayotafutia matundu ya chubu za matairi, nikarudi ndani. Mama alikuwa anamwonyesha mke wa Mjomba maharagwe, anayamimina kiganjani na kuyarudisha. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mama yangu awe kiziwi na kipofu, asinione.

Kobero hadi Kahama

Asubuhi tulivuka mpaka wa Kobero, tukaingia Tanzania. Ya mpakani nayaacha, kila mtu anayajua. Upande wa pili nilipata laini ya Tanzania, na kabla basi halijaondoka Kabanga nilimwandikia Athumani ujumbe. Niliufikiria kwa makini, kama ninavyofikiria mkasi kabla ya kukata: "Shemeji, Mjomba ametuambia. Tuko njiani. Mama hajui kitu, tumwache hivyo mpaka tufike."

Alijibu upesi. "Sawa dada. Mungu awafikishe salama. Fanyeni haraka."

Haraka ya nini, nilijiuliza, na nikajijibu mwenyewe: ya hitima. Wanataka tuwahi hitima. Sikuandika tena.

Nyakanazi tulishuka kula. Muuzaji alituuliza kama sisi ni watu wa Kigoma, mama akasema ndiyo ili mambo yaishe, kisha akaagiza bugari na sombe, na yule dada akabaki anatuangalia. Nasra akaokoa jahazi: ugali na kisamvu. Kisamvu kililetwa na karanga, kimepikwa vizuri tu, lakini mama alisukuma sahani akasema atakula cha Amina, Amina hajasahau kupika cha kwetu. Watoto walikula sehemu yake. Mimi nilikula kama mtu anayemeza dawa, kwa kuwa mama alikuwa ananiangalia.

Njia nzima mama alizungumza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mnamjua, lakini basi lile lilimfungua. Alisimulia Amina alivyokuwa anampiga mtoto yeyote anayenionea Kasulu, alivyojifungua binti yake wa kwanza mvua ikivuja ndani. "Mi nikifika nitamukanda ile miguu na maji ya moto na chumvi," alisema. "Siku tatu, ule uvimbe utatoka."

Niliitikia "ndiyo, mama" mpaka Kahama, tulikolala.

Kahama hadi Dodoma

Jumanne basi lilitufia Singida. Kilikuwa kitu cha kwenye injini, kondakta alisema nusu saa, na nusu saa ile ilidumu saa nne na nusu. Tulikaa kando ya barabara kwenye upepo usiokoma, katikati ya wanawake wanaouza mafuta ya alizeti na kuku waliofungwa miguu. Swedi alitaka kujua kama bahari inaweza kufungwa ikiwa tutachelewa. Nasra alimwambia ndiyo, saa kumi na mbili jioni wanaikunja, na akaamini.

Nilikwenda nyuma ya basi nikalia. Kuna mama mmoja mnene, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Bukoba, alikuwa kiti cha mbele yetu. Alinifuata, akanipa kitambaa chake bila kuuliza, kisha akauliza.

"Una msiba?"

"Dada yangu."

"Na mama yako hajui?"

"Hajui."

Alitikisa kichwa. "Umeongea na wafiwa wenyewe?"

"Tumeandikiana."

"Kuandikiana siyo kuongea. Piga, mwanangu. Hata ujue tu alivyokufa, amezikwa wapi, aliacha neno gani."

Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba kwetu hatufanyi hivyo. Mtu hapigi simu kwenye nyumba ya msiba kuhojihoji watu. Yule mama akasema samahani, akarudi kwenye kivuli. Namkumbuka kila siku. Sijui hata jina lake, na yeye ndiye mtu pekee katika barabara nzima aliyeniambia nipime mara ya pili.

Tulifika Dodoma jua linazama, tukalala gesti ya karibu na stendi.

Chalinze

Jumatano mchana basi lilisimama Chalinze abiria wachimbe dawa na kununua chochote. Muuza machungwa mmoja, mzee mchangamfu, alimsikia mama akitaja Tanga, akamwonyesha kwa kisu: barabara hii inakwenda Dar, ile inakwenda Segera, Muheza, Tanga. Mabasi yanapita, akapungia mkono ule upande, hata sasa hivi mngepata.

Mama akaangalia ile barabara. Akashuka ngazi za basi na kuanza kuulizia mfuko wake wa maharagwe.

"Tushuke hapa," alisema. "Tuende kwa Amina kwanza. Dar tutarudia."

Nami nilikuwa nimeshapanga kichwani. Tangu Singida nilikuwa nikifikiri: dada amekwisha zikwa, hatuwezi kumfikia tena. Lakini mama anaweza kupata siku moja. Siku moja ya kukaa na wajukuu wake mbele ya maji, kabla ya kuvaa msiba ambao hatauvua mpaka afe. Mkinilaumu kwa mengine yote, hili lilitoka kwenye mapenzi.

"Watoto wanataka bahari, mama," nilisema. "Wameingoja miaka miwili."

"Mi nimengoja kumi na moja."

"Siku mbili tu. Ijumaa tuko kwake."

Hapo hapo simu ikalia mkononi mwangu. Athumani. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na mama yangu hana simu, hupokea kwa yangu. Niliwaza: atakuwa analia, mama atasikia mwanaume analia. Nikakata. Ikalia tena, nikakata.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Mteja. Anadai gauni lake."

Mama akapanda basi. Akageukia dirisha, akaitazama ile barabara mpaka ikapotea, na mimi nilidhani amenuna.

Dar es Salaam, siku ya bahari

Alhamisi tulivuka Kigamboni kwa pantoni, tukatembea mpaka ufukwe wa kawaida, ule wa watu wote, wenye vibanda vya mihogo ya kukaanga na wauza miwani. Mnataka kujua bahari ikoje. Ni kubwa, na haikai kimya. Sisi tumezoea vilima. Ukitazama popote Gitega kuna kilima kinachokurudishia macho. Pale hakuna kinachokurudishia. Swedi alisimama akashika suruali yangu, mtoto aliyeichora miaka miwili, akasema hataki. Baada ya robo saa alikuwa amelowa mpaka masikioni, na Nasra aliyekuja na simulizi za kuogelea aliishia magotini, akipiga kelele kila wimbi likija.

Mama alivua viatu, akavishika mapajani, akakaa penye mchanga mbichi na kunyoosha miguu. Maji yalikuja yakamgusa nyayo. Alishtuka, akasema "Mawe wee!", kwa lugha yetu mama wee, halafu akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu baba yangu yuko hai. Nilinunua mihogo na pilipili, nikasema moyoni kwamba nimefanya vizuri, kwamba hata Amina angeniambia nimefanya vizuri.

"Unipe simu," mama alisema. "Nimutumie Amina sauti yangu. Nimuambie niko ndani ya maji yake."

Nilimwekea mahali pa kurekodi, nikabonyeza kwa kidole changu, nikamsogezea mdomoni. Alizungumza polepole, kwa sauti ya juu, kana kwamba Amina yuko ng'ambo ya maji yale.

"Amina, ni mi mama yako. Niko baharini. Maji iko na chumvi kweli, hamukunidanganya. Kesho nakuja. Nimekuletea maharagwe. Usipike, mi nitapika. Ungoje tu."

Akanirudishia simu. "Tuma."

Kwa nani? Niliwaza simu ya marehemu ikiwaka kwenye kabati la Athumani, ikisema "ungoje tu" katikati ya waombolezaji. Niligeuka kana kwamba jua linanipiga, nikatelezesha kidole, maneno yote yakafutika.

"Nimetuma," nilisema.

Kabla hatujaondoka pale Athumani alipiga tena. Swedi alikuwa ananivuta mkono nikaone kaa. Nikakata.

Tanga

Ijumaa tuliondoka Dar saa mbili asubuhi. Mama alivaa kitenge kipya na kupaka mafuta mikononi. Tulishuka Tanga saa tisa kasoro, tukachukua taksi mpaka Makorora, kwa Amina. Njiani nilishika mkono wake, nikisema kimoyomoyo yale ambayo wanawake wa kule wangemwambia, nikijiandaa kumdaka.

Uani kulikuwa na turubai, na wanaume wengi wamekaa kwenye mikeka. Nilitarajia hivyo, ingawa niliona ni wengi mno kwa msiba wa siku tano. Mama aliwaona. Mkono wake ulikuwa mkavu na mtulivu, na alishuka kwenye gari akasimama wima.

Dada yake Athumani, Bi Rehema, alitoka mbio na kanga ya kichwani imemwanguka. Akamkumbatia mama.

"Pole, mama yangu. Pole sana. Tumetoka kumzika sasa hivi. Tumengoja mpaka swala ya Ijumaa, tulijua mnawahi."

Mimi nilikuwa bado nimeshika mfuko wa maharagwe.

"Sasa hivi?" niliuliza.

"Amefariki leo alfajiri, dada. Mbona alijitahidi. Tangu Jumapili madaktari walisema ni leo au kesho, akakataa, akasema mama yake yuko njiani."

Athumani alisimama kwenye mikeka. Udongo ulikuwa bado mbichi kwenye miguu yake. Alinipa mkono, akasema kwa upole, mbele ya watu, maneno ambayo hakujua uzito wake: "Nilikupigia sana, dada. Alitaka kusikia sauti ya mama tu. Jana mchana nilimwekea simu sikioni, ikakatika. Mtandao wa njiani tunaujua."

Sikumwambia siku ile kwamba haukuwa mtandao. Niliingia ndani na wanawake, nikalia kuliko wote, na watu walinihurumia, na kila aliyenihurumia alinichoma.

Matanga

Mama alikaa siku tatu kwenye mkeka. Siku ya pili aliomba ungo, akamwaga yale maharagwe, akayachagua upya ingawa hayakuwa na hata jiwe moja. Yalipikwa kwa waombolezaji. Watu wa Tanga waliyasifu, wakauliza ni mbegu gani, na mama akawajibu wote, mmoja mmoja, ni mbegu ya Makebuko.

Siku ya hitima, watu walipoondoka, nilimweleza. Nilieleza yote: gurudumu la Mjomba, ujumbe, yule mama wa dagaa, Chalinze, sauti niliyoifuta. Watoto walikuwa nje. Alinisikiliza akitazama mlango wa chumba cha Amina.

"Ile siku ya bahari," aliuliza, "Amina alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, mama."

"Na we ulijua amekufa."

"Nilijua amekufa."

Nilingoja anipige, au aseme neno ambalo mzazi akilisema halirudi. "Kama ulijua amekufa," alisema, "ulinichekesha namna gani vile?"



Kurudi

Bagamoyo hatukwenda. Fukwe za Tanga hatukuziona, ingawa nyumba ya Athumani haiko mbali na maji. Tulirudi kwa njia ile ile, mama akiwa dirishani, na Chalinze alifumba macho mpaka tukapita.

Muyinga Mjomba Kasimu alitupokea nje. Nilikuwa nimeshampigia kumweleza. Alikuwa amekonda, na alijaribu kupiga magoti mbele ya dada yake, mwanaume wa miaka sitini na tano, hapo hapo kwenye kibanda cha baiskeli, wateja wanaona. Mama akamshika kwapani akamwinua.

"Kasimu," alimwambia, "siku ingine, hata iwe nini, simu unipe mi."

Sasa tuko nyumbani. Mama chakula anakula. Swala haikosi. Swedi amebandua ramani mlangoni bila kuambiwa.

Mkija kwangu mtamkuta mama amekaa karibu na cherehani, mahali ambapo hakuwa akikaa zamani. Msishangae. Simu yangu ikilia, kabla sijatoa mguu kwenye pedali, ananyoosha mkono. Nampa. Anaiweka sikioni, anasema "Ndiyo, ni mama, sema," na anasikiliza mpaka mwisho, hata kama ni mmoja wenu anauliza gauni lake.